Mgawa maji anayewatembeza watoto kwa mwendo wa mfereji

Saadat Mamytova anadai kwamba Jumatano ile mto mzima uliingia uani kwake. Anadai alipofungua mlango, jogoo alikuwa juu ya paa, viazi vinaogelea kama bata, na kiatu cha marehemu mumewe kilikuwa kimeshatoka nje ya geti, kinaelekea sokoni peke yake. Maji, anadai, yalimfika magotini. Na ng'ambo ya uzio alisimama Burulkan na jembe lake, anacheka.

Watu wa mtaa huu wa pembeni mwa mji wa Tokmok wameisikia habari hiyo mara nyingi, na kila inaposimuliwa maji hupanda kidogo. Mama anayeuza sambusa za tanuri pale kona anasema wiki ya kwanza yaliishia kwenye vifundo vya miguu.

"Tukifika mwezi wa saba Saadat atakuwa ameshazama," anasema, "na bado atakuja kutusimulia."

Burulkan Asekova, anayesimuliwa, habishani sana. Anasema jogoo kupanda juu ya paa ni tabia yake, hata siku za ukame hupanda. Mengine anayaacha yapite.

"Kiatu ni kweli. Nilikikimbilia mwenyewe nikakirudisha. Lakini kucheka, hapana. Nilikuwa nalia. Kwa mbali huwezi kujua."

Saa kumi na moja alfajiri, siku ya Ijumaa, mama huyu wa miaka arobaini na saba anapanda njia ya mawe kuelekea lango kubwa la maji, kilomita moja juu ya bustani ya umma. Amevaa gambuti za kijani zilizozibwa kwa viraka vya mpira wa gurudumu, kazi ya mumewe Maksat, ambaye ni fundi wa matairi. Kitambaa cha kichwa kimefungwa nyuma ya shingo. Jembe liko begani.

Anashika gurudumu la chuma la lango kwa mikono miwili na kulizungusha mara saba. Mara ya nane haizungushi. Saba ni zamu ya bustani, anasema, ya nane ni tamaa.

Maji ya theluji yanapita chini ya ubao, rangi yake kama chai iliyozidi maziwa, na baridi yake inampanda hadi usoni. Anayasikiliza kidogo, kisha anateremka nayo.

Kazi yake ni kugawa maji, na ameifanya kwa miaka kumi na moja. Kabla ya hapo aliuza soksi sokoni, na kabla ya soksi alikuwa binti wa mchunga kondoo huko milimani, akamaliza darasa la tisa, baadaye akaolewa. Mfereji anaoutunza ni mmoja. Unatoka kwenye lango, unapita katikati ya bustani chini ya miti ya mialoni na mipopla, kisha unaingia mtaani na kunywesha viwanja vya nyumba nane.

Kila nyumba ina zamu yake kwenye ubao uliopigiliwa ukutani mwa duka: siku, saa na dakika. Hapa watu wanaweza kusameheana tusi la harusini, lakini dakika kumi za maji ya mwezi wa sita zinakumbukwa mpaka kwa wajukuu.

Mshahara wake ni som elfu kumi na tisa kwa mwezi. Na kila Jumanne, majira ya kuchipua na majira ya majani kupukutika, anafanya kazi nyingine ambayo haimo kwenye mkataba wala haina malipo. Anawapokea watoto wa shule za msingi kwenye geti la bustani na kuwatembeza.

Hakuna anayetozwa hata som moja.

"Shuleni wazazi wanachangishwa pazia, wanachangishwa rangi, wanachangishwa maua ya mwalimu," anasema. "Mtoto akileta karatasi nyingine ya mchango, mama yake anaificha nyuma ya birika. Hii ya kwangu haina karatasi."

Matembezi yenyewe ni rahisi kuyaeleza. Saa tatu asubuhi mfereji wa bustani uko mkavu, umejaa majani ya mwaka jana. Watoto wanajipanga kando yake. Kila mmoja anachagua jani moja la mwaloni, analitia alama yake kwa kipande cha mkaa, analilaza ndani ya mfereji. Kisha wanangoja.

Kwanza unasikika mchakacho, kama panya kwenye gunia. Halafu maji yanatokeza kwenye kona ya juu. Hayaji kwa kishindo. Yanakuja polepole kama mbwa anayenusa njia, yanasukuma mbele yake povu, vijiti na majani makavu, na juu ya majani hayo wamepanda wadudu wote wa mfereji, wanahama. Watu wa hapa huita ncha hiyo kichwa cha maji.

Sheria za Burulkan ni mbili. Hakuna anayekitangulia kichwa cha maji, na hakuna anayeachwa nacho. Mita mia nne za bustani zinachukua dakika hamsini.

"Mtu mzima hawezi," anasema. "Mtu mzima dakika ya tano ameshatoa simu. Mtoto ukimwambia tembea kama maji, anatembea kama maji."

Katika dakika hamsini hizo wanawaona siafu wakipandisha mayai yao ukingoni kabla maji hayajafika, na kila mwaka hakuna anayeweza kueleza siafu waliambiwa na nani. Wanamwona buibui akikimbia juu ya maji bila kulowa. Nyungunyungu wanatoka ardhini kama watu wanaosikia kengele ya moto.

Na ndege wameshaijua siku. Jumanne, kabla watoto hawajashuka kwenye basi, kwezi huwa wamejipanga kwenye tawi la chini la mpopla wa tatu, na hudihudi mmoja mwenye kilemba chake huzunguka nyasini kama mkaguzi. Maji yakipita wanashuka kula. Siku za maji ya alfajiri, wakati hakuna watoto, wanakuja wachache tu. Burulkan anaamini kwamba watoto huwatimua wadudu ambao maji peke yake yangewaacha. Hana uhakika. Bado anawahesabu.

Kuna mahali pamoja, karibu na benchi lililovunjika, ambapo maji husimama kabisa. Ardhi pale ina nyufa, inakunywa tu. Kichwa cha maji kinafika, kinanywea, kinapotea. Watoto huinama wakitazama, na mara zote yuko mmoja anayesema yamekufa. Baada ya dakika tatu au nne nyufa zinajaa, tone moja linachungulia, na maji yanaendelea na safari.

Kila darasa hupiga makofi mahali hapo, na hakuna aliyewaambia wapige.

Majina ya kitabuni Burulkan hayajui. Akiulizwa jina la mdudu asilolijua, hujibu kwamba hajawahi kumuuliza, ila tabia zake anazijua, kisha anazitaja. Jambo hilo lilimkera sana Mwalimu Perizat Junusova, wa darasa la pili, siku ya kwanza alipoleta wanafunzi wake. Alikuwa amekuja na daftari lenye maswali kumi na mawili ya sayansi. Akarudi nalo halijaguswa, viatu vimelowa, akiwa amenuna.

"Wiki iliyofuata nikafundisha vipimo," anasimulia mwalimu huyo. "Nikasema mita mia nne. Mtoto akanyoosha mkono akaniuliza, mita mia nne ni maji ya muda gani? Na darasa zima likajibu kabla yangu, dakika hamsini. Nikasema, haya, nimeshindwa, tutarudi."

Tangu hapo amerudi mara tisa.

Jambo hili lilianza miaka sita iliyopita bila mtu kulipanga. Darasa moja lililetwa bustanini kwa siku ya kupanda miti. Walikuwepo wakubwa waliovaa suti, utepe na mpiga picha, na Burulkan aliagizwa afungulie maji ili miche ipigwe picha ikimwagiliwa. Akafungulia. Lakini maji kutoka langoni hadi bustanini hayana haraka. Wakubwa walitazama saa zao, wakapigwa picha na miche mikavu, wakaondoka.

Watoto walibaki, kwa sababu basi lao lilikuwa limechelewa. Ndipo maji yakafika.

Burulkan anasema alikuwa anakuja nyuma yake na jembe, akasikia mayowe, akadhani mtoto ameumia. Akakimbia. Akakuta watoto ishirini na kitu wamepiga magoti kando ya mfereji wanaushangilia kama farasi wa mbio.

"Mimi hayo maji nayaona kila siku," anasema. "Siku ile nikayaona."

Tatizo lilikuwa saa. Zamu za bustani ni za alfajiri, wakati watoto wamelala. Ili maji yapite mchana, lazima saa ya mtu iguswe. Burulkan alikwenda kwa Bwana Kemel, mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa, mzee mpole asiyependa kelele. Kemel alitazama ubao, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, nyumba ya nane, nyumba ya Saadat inayopakana na bustani. Zamu yake ya Jumanne ilikuwa saa tatu hadi saa tano. Chukua ile saa ya kwanza, alisema Kemel, Saadat saa tatu bado anakunywa chai.

Burulkan akaichukua. Miaka sita.

Yaliyotokea mwezi wa nne mwaka huu yalianza na bwawa. Watoto wa Tokmok wakiachwa karibu na mfereji kwa robo saa, watajenga bwawa. Mama zao walijenga, na Burulkan mwenyewe alipofika mjini akiwa bi harusi wa miaka ishirini alijenga moja kisiri nyuma ya nyumba ya wakwe. Darasa la Mwalimu Perizat, likingoja basi, lilijenga lake pale mfereji unapopinda kabla ya uzio wa mwisho wa bustani. Walitumia mawe, udongo na vijiti vya mierebi. Lilikuwa bwawa zuri, Burulkan anasisitiza, halikuvuja.

Kawaida yake ni kwamba watoto wakishaondoka, bwawa linabomolewa kwa jembe. Mfereji hauachwi na kitu ndani. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya mgawa maji yeyote.

Lakini siku ile chura wa kijani aliingia kwenye bwawa, akakaa. Mtoto mmoja aitwaye Aisuluu, mwenye miaka minane na pengo la meno mawili mbele, akamshika Burulkan mguu wa gambuti.

"Shangazi, usimbomolee," alimwambia. "Amehamia sasa hivi. Tunakuja Jumanne kumwona."

Burulkan akasema hatalibomoa. Akasema mbele ya watoto ishirini na tisa.

"Basi lilipoondoka niliinua jembe," anasimulia. "Nikalishusha. Nikaliinua tena. Nikamtazama yule chura, na yeye ananitazama. Nikasema, kesho asubuhi nitapitia, nitalitoboa kidogo pembeni."

Kesho asubuhi ilikuwa zamu ya bustani. Alipanda langoni saa kumi na moja kama kawaida, akazungusha mara saba, akateremka na maji akiwa ametulia kabisa. Alisahau kwamba usiku theluji nyingi ilikuwa imeyeyuka juu, na kwamba saba za siku ile zilikuwa na nguvu ya kumi. Maji yalimpita. Yalifika kwenye bwawa kabla yake, yakakuta kazi ya mikono ishirini na tisa, yakageuka kushoto pale ukingo ulipo chini, yakapita chini ya uzio.

Stroberi za Saadat zililala. Miche yake ya nyanya, iliyooteshwa dirishani na kutolewa nje siku mbili tu kabla, iling'oka. Shimo la kuhifadhia viazi likajaa hadi ngazi ya pili.

Burulkan alichota maji kwa ndoo siku mbili. Alivianika viazi juu ya magunia, akavigeuza kimoja kimoja kama maandazi ya boorsok kwenye mafuta. Alileta miche sitini ya nyanya kutoka kwenye madirisha ya nyumba yake mwenyewe, akaipanda kwa mikono yake. Saadat, ambaye ana miaka sitini na mitatu na anaishi peke yake, alisimama mlangoni akimtazama. Maneno yote aliyahifadhi kwa ajili ya majirani.

Kamati ikaitwa mbele ya duka. Waliokuwepo wanasema mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Saadat alisimulia mto wake, watu wakatikisa vichwa, Burulkan akaomba msamaha. Bwana Kemel, akitaka kumtuliza mama wa watu, akamsifu. Akasema Saadat ni mtu muungwana, kwani hata ile saa yake ya Jumanne wanayoitumia watoto hajawahi kuilalamikia.

Saadat akamgeukia.

"Saa yangu ipi?" Saadat aliuliza.

Kwa miaka sita alikuwa anaamini kwamba mfereji unavuja. Zamu yake ya Jumanne, ya saa mbili nzima, ilikuwa inampa maji ya saa moja tu, naye akasema mfereji umechoka. Kelele za watoto ng'ambo ya uzio alizisikia. Hakujua kwamba ni saa yake inayopigiwa makofi.

Kamati iliamua siku hiyo hiyo. Maji ya mchana hayatafunguliwa Jumanne mpaka Saadat mwenyewe akubali. Saadat alichukua mfuko wake wa sukari akaenda nyumbani.

Jumanne tatu zimepita tangu hapo. Mbili kati ya hizo madarasa yalikuja, maana yalikuwa yameshapanga. Burulkan aliwaonyesha magome ya miti na vichuguu, na kiota cha kunguru. Watoto walikuwa na adabu. Mmoja, baada ya nusu saa, alimuuliza matembezi yanaanza saa ngapi.

Kwezi nao walikuja kwenye tawi lao, wakangoja, wakaondoka.

Mwalimu Perizat hakuleta darasa lake. Aliwaambia watoto kwamba watakwenda maji yakirudi. Jumanne ijayo ndiyo ya mwisho iliyobaki kwao kabla shule hazijafungwa kwa likizo ya kiangazi, na mwezi wa tisa watoto hao watakuwa darasa la tatu, kwa mwalimu mwingine, ambaye hapendi viatu kulowa. Aisuluu amekuwa akimuuliza kila asubuhi kama chura bado yupo.

Chura yupo. Alikutwa ndani ya shimo la viazi la Saadat siku ya pili ya kuchota maji, na sasa anaishi chini ya majani ya stroberi. Saadat amekataa kumtoa. Anasema tangu aje, konokono wamepungua nusu, na kwamba katika hasara yote ile walau kimoja kimekuja kufanya kazi.

Ukimwuliza Burulkan kama anajutia ile ahadi, anasema anajutia kulishusha jembe, hajutii ahadi. Maisha yake kwa jumla anayapenda. Watoto wake wawili ni wakubwa, mmoja anafanya kazi mji mkuu, Bishkek, na mwingine anasoma ufundi wa meno. Maksat anarudi nyumbani ananuka mpira, naye ananuka matope, na wanakunywa chai yao ya maziwa bila mmoja kumlalamikia mwenzake. Watoto aliowatembeza mwaka wa kwanza sasa wana ndevu za kwanza, na wakimkuta sokoni wanamsalimia kwa kupunguza mwendo na kutembea polepole pembeni yake, mwendo wa maji, mpaka wote wacheke.

Kuna kitu kimoja tu hajawahi kuwapa. Matembezi huishia kwenye uzio wa mwisho wa bustani. Maji yanapita chini yake, watoto wanabaki. Kila darasa linauliza yanakwenda wapi, naye hujibu yanakwenda kwa watu. Anajua jibu hilo halitoshi. Amewaona wakilala kifudifudi kuchungulia chini ya mbao.

Saa moja na nusu asubuhi, Ijumaa hiyo hiyo, maji ya bustani yakiwa yameshatulia kwenye miti, Burulkan anapita mtaani na kusimama kwenye geti la nyumba ya nane. Ameshaingia hapa mara nyingi na ndoo. Leo ameliacha hata jembe nje.

Saadat ameinama kwenye nyanya zake, anafunga miche kwenye vijiti kwa vipande vya soksi kuukuu. Hainui kichwa.

"Umekuja na mto, au umekuja peke yako?"

"Peke yangu, dada."

"Basi futa miguu."

Burulkan anafuta miguu. Anasimama mwisho wa tuta, mahali ambapo mfereji unaingia uani kupitia tundu la uzio. Pembeni ya tundu hilo pana simenti, viraka vitatu vya rangi tofauti, kila kimoja cha mwaka wake, vimelainishwa vizuri kwa kijiko.

Saadat anamwona anavitazama.

"Viazi vimekauka," anasema. "Miche yako imeshika, tena ni mizuri kuliko yangu, na hilo sitalirudia. Hayo nimeyamaliza. Mtaani nayasimulia kwa sababu watu wanayapenda." Anakaza fundo la soksi. "Lakini hiyo simenti nimeibeba mwenyewe kutoka dukani, kwa ndoo, mgongo huu unauona. Miaka mitatu naziba mfereji ulio mzima. Nasimama hapa Jumanne na jembe, nasema, Saadat, na wewe na mfereji wako wote mmezeeka. Kumbe mfereji haujambo. Ungeniuliza, Burulkan. Ningekukatalia, lakini ungeniuliza."

"Ndiyo maana sikukuuliza," anasema Burulkan. "Nilijua utakataa."

Saadat anatoa sauti fupi puani, ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa kicheko. Anaendelea na mche unaofuata. Jogoo yuko juu ya paa.

Burulkan ameyapanga maneno yake njia nzima kutoka langoni, lakini sasa yamebaki machache. Anayasema kwa sauti ya kawaida, mikono mbele.

"Dada Saadat, leo nakuuliza. Nipe saa yako ya Jumanne hii, saa tatu mpaka saa nne. Na maji yakifika kwenye uzio, uwafungulie watoto hili geti la nyuma, waingie nayo mpaka hapa kwenye nyanya. Miaka yote wananiuliza yanaishia wapi."

Saadat anainuka taratibu, mkono kiunoni. Anautazama uzio. Anaitazama miche, safu mbili za zamani na safu nne za Burulkan, na nafasi iliyo kati yake, ambayo ni ya mguu mmoja mdogo, si zaidi. Kisha anaingia ndani.

Anatoka na mkate wa duara juu ya kitambaa.

"Onja mkate," anasema.

Katika mtaa huu hakuna anayeondoka mlangoni kwa mtu bila kuonja mkate. Anaambiwa hivyo mgeni wa heshima, anaambiwa msoma mita wa umeme, na anaambiwa hata yule uliyempeleka kwenye kamati. Si ndiyo wala si hapana. Ni mkate.

Burulkan anamega kipande kidogo. Ni cha jana, kigumu kidogo pembeni, kina mbegu juu. Saadat amesimama mbele yake na kitambaa mkononi, macho yake kwenye tundu la uzio. Chini ya stroberi kitu cha kijani kinasogea, majani yanatikisika, yanatulia.

Mtu akishaonja, anaaga na kwenda zake. Burulkan anatafuna polepole.